Dhahabu ya Johannesburg, karafuu za Pemba na pasipoti kwenye droo

ROSETTENVILLE, Johannesburg – Mjukuu wangu ana miaka 14. Kiswahili chake kina matundu kama chandarua kikuukuu, lakini akikwama kwenye historia huja kwangu, maana anajua babu yake amekula chaki miaka 34. Jioni moja ya mwezi wa sita, baridi ya huku imekaza, aliniletea daftari akanambia: "Babu, mwalimu ametaka tuchague tajiri mmoja wa karne ya 19, tueleze mali yake ilitoka wapi. Nimemchagua Rockefeller wa Marekani. Nishamaliza, hebu nisomee tu."

Nikasoma. Kurasa mbili safi kabisa. Mtoto wa hali ya chini, akaamka mapema, hakulewa, akaweka akiba, akawa tajiri kuliko wote duniani. Basi.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kurasa zile ningeweza kuziandika mie mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa miaka ya 1970 katika sekondari ya misheni pwani ya Kenya, na ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu. "Bidii na akiba, wanangu. Mtazameni Rockefeller, mtazameni Carnegie."

Nikamwambia: "Umejibu nusu. Umeeleza alivyoishi. Hukueleza mali ilitoka wapi."

Akanitazama kama niliyemwonea. "Basi ilitoka wapi, Babu?"

Swali hilo limenikalisha wiki tatu. Lilinipeleka Marekani, likanirudisha hapa mlangoni kwa binti yangu, likanivusha bahari mpaka Pemba, na mwisho likanifikisha kwenye droo ya duka la mkwe wangu. Ndugu zangu wa Muscat, Sur, Dubai na Doha, nivumilieni, nitawasimulia kwa utaratibu.

Muuza mafuta ya taa

Watu wakisikia jina la Rockefeller hufikiria petroli na magari. Lakini alipoanzisha kampuni ya Standard Oil mwaka 1870, gari la petroli halijakuwapo. Mali yake ya mwanzo ilikuwa mafuta ya taa, yale yale tuliyosomea sisi kwenye koroboi. Kufikia miaka ya 1880 alikuwa ameshika takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta Marekani. Hakuyashika kwa kuamka mapema tu. Alipatana kwa siri na kampuni za reli zimrudishie sehemu ya nauli, hivyo mafuta yake yakasafiri kwa bei ambayo mwenzake hawezi. Mwenzake akishindwa, humwendea: niuzie au ufe. Huo ndio ukiritimba. Ulipozidi, Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuuzuia mwaka 1890, lakini kampuni yenyewe haikuvunjwa na mahakama mpaka 1911.

Andrew Carnegie yeye alikuwa mtu wa chuma cha pua. Katika kiwanda chake cha Homestead, jimbo la Pennsylvania, watu walifanya kazi saa 12 kwa siku mbele ya tanuri. Mwaka 1892 meneja wake, Henry Clay Frick, aliwapunguzia ujira na kuwafungia geti. Tarehe 6 Julai waliletwa walinzi wa kukodi 300 kwa mashua za mtoni. Bunduki zikalia, watu wasiopungua 10 wakafa kutoka pande zote mbili. Carnegie alikuwa mapumzikoni kwao Scotland. Mwaka 1901 aliuza kampuni yake kwa dola milioni 480, akaingia kugawa pesa na kujenga maktaba zaidi ya 2,500. Maktaba ni kheri, sikatai. Lakini mfanyakazi aliyesimama saa 12 mbele ya tanuri angeingia maktaba saa ngapi?

Mwandishi Mark Twain, pamoja na mwenzake Charles Dudley Warner, waliandika riwaya mwaka 1873, na jina la riwaya hiyo likawa jina la zama zile zote: zama za kupakwa dhahabu. Nilimweleza mjukuu wangu neno hilo lilivyo. Kitu cha dhahabu ni dhahabu mpaka ndani. Kitu kilichopakwa, ukikikwaruza kwa ukucha, unakuta bati.

"Na huyo Twain," nikamwambia, "alifika mpaka hapa Johannesburg."

Mtoto akainua kichwa.

Vilima vya njano

Wasioijua Rosettenville niwachoree kidogo. Ni mtaa wa kusini mwa jiji, nyumba za zamani za chini, mapaa ya bati, vibaraza vidogo. Zamani ulikuwa wa wazungu wasio matajiri. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 wakaja Wareno wengi, na mpaka leo unapata mkate wao na samaki wa chumvi. Siku hizi ni sisi sote: Wamsumbiji, Wakongo, Wanigeria, Wamalawi, na Waswahili wachache kama binti yangu na mumewe. Si mtaa wa raha kila siku. Mwaka 2017 nyumba kadhaa zilichomwa moto na wakazi wenye hasira waliosema ni madanguro na maficho ya madawa, na wageni wote wakalala roho juu.

Ukienda kaskazini kuelekea katikati ya jiji unavikuta vilima vya rangi ya njano, vimekatwa juu kama meza. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni milima ya Mungu. Siyo. Ni mchanga wa migodi. Ni mwamba uliochimbwa chini ya ardhi, ukasagwa unga, ukakamuliwa dhahabu, na mabaki yakarundikwa. Upepo wa mwezi wa nane ukivuma, vumbi lile huja mpaka kwenye kamba za nguo. Binti yangu huanua nguo huku analaani.

Dhahabu ya hapa ilitangazwa rasmi mwaka 1886. Kabla ya hapo palikuwa na mashamba ya Makaburu na nyasi. Miaka kumi baadaye, sensa ya 1896 ilihesabu watu zaidi ya 100,000. Kufikia 1898 nchi hii ya Transvaal ilikuwa ikitoa zaidi ya robo ya dhahabu yote ya dunia.

Sasa sikilizeni hesabu yake, kwa sababu siri yote imo humo. Dhahabu ya Johannesburg haikuwa ya kuokota mtoni. Ilikuwa punje zisizoonekana ndani ya jiwe gumu, gramu chache tu kwa kila tani, na mwamba unazama chini zaidi kila unapoufuata. Kwa hiyo ilitaka mitambo mikubwa, mashimo marefu na mtaji wa London, Paris na Berlin. Tena bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa. Mwenye mgodi hawezi kusema "mwaka huu napandisha bei" kama muuza karafuu. Mashine bei yake ni ile ile, baruti bei yake ni ile ile, na fundi mzungu ana chama. Basi kitu gani kinaweza kupunguzwa?

Mjukuu wangu alijibu kabla sijamaliza: "Mshahara wa mtu mweusi."

Ndiyo. Wenye migodi waliunda chama chao mwaka 1889, na moja ya kazi zake kubwa ikawa kuhakikisha hakuna mgodi unaomwongezea Mwafrika kuliko mwenzake. Mwaka 1896 walikata mishahara ya Waafrika, na 1897 wakaikata tena. Wasitoroke je? Sheria ya pasi ya miaka hiyo ilimtaka kila Mwafrika wa migodini avae bamba la chuma mkononi lenye nambari. Wazee wetu wa Kenya waliokuja kuvishwa kipande shingoni miaka ya 1920 wangelielewa bamba lile mara moja. Walilala katika makambi, vitanda vya kupandana, mikataba ya miezi. Kufikia 1899 walikuwa karibu 100,000, zaidi ya nusu yao kutoka Msumbiji. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu, Waafrika wakisita kurudi kwa ujira ule, waliletwa Wachina zaidi ya 60,000 kati ya 1904 na 1907.

Upande wa pili wa vilima, kaskazini, kwenye kilele cha Parktown ambako vumbi halifiki, wenye mali walijenga majumba yao. Kina Alfred Beit, Julius Wernher, Lionel Phillips, George Farrar, J. B. Robinson, na juu yao Cecil Rhodes. Wengine hata hapa hawakukaa. Walinunua majumba Park Lane, London. Barney Barnato, mtoto wa mtaa wa kimaskini wa mashariki ya London, alipanda mpaka kileleni, kisha mwaka 1897 akaangukia baharini kutoka melini akafa. Wernher alipofariki mwaka 1912 aliacha zaidi ya pauni milioni 10.

Na Wamarekani? Walijaa hapa. Wahandisi wakubwa wa migodi hii walitoka California. Mashuhuri wao ni John Hays Hammond, aliyeajiriwa na Rhodes. Mwishoni mwa 1895 matajiri hawa walijaribu kuipindua serikali ya Makaburu ya Paul Kruger kwa mtutu, jaribio likafeli, Hammond na wenziwe watatu wakahukumiwa kunyongwa. Hukumu ikapunguzwa wakalipa faini, pauni 25,000 kila mmoja. Ni wakati huo, mwaka 1896, Mark Twain alipofika katika safari yake ya kuzunguka dunia, akaenda kuwaona wafungwa hao jela ya Pretoria. Mtu aliyezipa jina zama za kupakwa dhahabu kwao alikuja akazikuta huku, na dhahabu yenyewe ikichimbwa.

Rangi ile iliendelea kupakwa. Mwanauchumi wa hapa, Francis Wilson, alipiga hesabu akaonyesha kwamba ukiondoa kupanda kwa bei za vitu, mchimbaji Mwafrika mwaka 1969 hakulipwa zaidi ya aliyechimba mwaka 1911. Miaka 58, babu na mjukuu, ujira mmoja. Na vumbi la mwamba liliwaingia mapafuni, ugonjwa unaoitwa silikosisi. Haikuwa mpaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilipopitisha mapatano ya randi bilioni 5 kuwalipa wagonjwa hao na wajane wao. Wengi walikwisha kuzikwa. Leo Benki ya Dunia inapopanga nchi kwa pengo kati ya aliye nacho na asiye nacho, Afrika Kusini ndiyo ya kwanza.

Shule ya mapadri

Hapa Rosettenville palikuwa na shule ya sekondari ya misheni, St Peter's, ya mapadri wa Kianglikana. Nilipoambiwa nilitaka kwenda kuiona, na binti yangu akanipeleka. Majengo yapo, shule nyingine inayatumia. Nilisimama nje ya ukuta kama mtu aliyefika kaburini kwa mwalimu wake.

Oliver Tambo alisoma pale, kisha akarudi kufundisha hesabu na sayansi miaka ya 1940. Mwandishi Es'kia Mphahlele alisoma pale, na Peter Abrahams pia. Hugh Masekela alipewa tarumbeta yake ya kwanza na padri Trevor Huddleston alipokuwa mwanafunzi pale. Serikali ya ubaguzi ilipotunga sheria ya elimu mwaka 1953, iliyokusudia mtoto mweusi asome kiasi cha kutumwa tu, mapadri walikataa kuiendesha shule kwa masharti hayo. Ikafungwa mwaka 1956. Huddleston baadaye alipelekwa Tanganyika, akawa askofu wa Masasi toka 1960 mpaka 1968.

Mie ni Muislamu niliyelelewa na walimu wa misheni. Mapadri wetu walituachia nafasi ya swala, na walinipa Kiingereza na hesabu ninazokula nazo mpaka leo. Siwasahau kwa wema. Lakini nilipokuwa nimesimama pale ukutani niliona tofauti. Shule ile iliwafundisha watoto kuuliza mali ilitoka wapi. Yangu ilinifundisha kuisifu, na mie nikairithisha sifa ile miaka 34.

Piano, merikani na pembe

Ndugu zangu, mpaka hapa hadithi ni tamu kwa sababu ni ya watu wengine. Wazungu na ulafi wao. Mjukuu wangu ndiye aliyeiharibu. Aliniuliza: "Babu, wakati huo sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa wachimbaji au wenye mgodi?"

Katika familia yetu jibu liko tayari. Tulikuwa watu. Tulikuwa na karafuu Pemba, nyumba ya ghorofa, milango ya nakshi, vyombo vya Kichina. Hayo huyasikia kila harusi, Muscat au Mombasa.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Nilirudi kwenye vitabu.

Wamarekani walifunga mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, miongo kadhaa kabla ya Rockefeller kusikika. Meli zao zilitoka Salem, Massachusetts, zikileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Pamba ile, kabla ya vita vyao vya 1861, ilichumwa na watumwa wa kusini ya nchi yao. Merikani ikapanda bara na misafara, ikanunua pembe za ndovu, na pembe zikateremshwa pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa. Zikapakiwa Unguja, zikaenda Deep River na Ivoryton, vijiji viwili vya Connecticut ambako sehemu kubwa ya pembe za Marekani ilikatwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Kila sebule ya mwenye uwezo katika zama zile za kupakwa dhahabu ilitaka piano. Msichana wa New York alipobonyeza kibao, kidole chake kiligusa safari iliyoanzia Manyema.

Wakubwa wa biashara ile tunawajua kwa majina. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili na kufia mjini Unguja mwaka 1905. Nyuma yake alikuwapo Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekopesha mtaji. Nilimwambia mjukuu: Taria Topan ni London, Tippu Tip ni mgodi, na aliyebeba pembe ni yule mwenye bamba la chuma.

Na karafuu ndiyo hivyo hivyo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikapona, na bei ilipopanda kila mwenye shamba Pemba akataka mikono. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kwenye karatasi biashara ilikufa. Baharini majahazi yaliendelea kuvuka usiku kwenda Pemba kwa miaka mingi. Utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria ya Unguja mpaka Aprili 1897, na hata hapo mtumwa ilimlazimu aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, ama ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Fidia ililipwa, naam. Alilipwa mwenye mtumwa.

Wengine wa waliokombolewa baharini walipelekwa kutoka Unguja mpaka Durban kuanzia 1873, wengi wao Wamakua, wakawekwa kwenye mikataba ya kazi. Wajukuu wao wapo Durban mpaka leo na wanaitwa Wazanzibari. Nchi hii hii anayosoma mjukuu wangu.

Aliyekosekana kwenye shajara

Miaka miwili iliyopita jamaa yetu mmoja wa Muscat aliniomba niandike shajara ya ukoo kwa ajili ya vijana. Niliandika kurasa tisa. Nikapongezwa sana.

Kurasa zile zilikuwa na tundu, na mie ndiye niliyelitoboa.

Mwaka 1974, Mombasa, bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu mzima sana, macho hayaoni vizuri. Nilikuwa nikimsomea barua. Siku moja bila ya kuulizwa alinambia: "Mamangu mie alikuja na jahazi kutoka Kilwa, mtoto mdogo. Hajui jina la kwao. Anajua ziwa tu. Wakimwita Mnyasa." Kisha akasema: "Usiwaambie wenzio, watakucheka."

Baba wa bibi ndiye mwenye karafuu. Mnyasa yule alikuwa suria wake. Mikarafuu tunayojisifia harusini, mingi ilipaliliwa na kuchumwa na wenziwe waliokuja na jahazi lile lile. Na shamba lenyewe halikudumu. Nusu ilikwenda kwa rehani ya deni kabla bibi hajaolewa. Kilichobaki kwetu ni hadithi ya mali. Yeye hatukumpa hata mstari.

Sisemi haya kuwatukana wazee. Walizaliwa ndani ya zama zao, na dini iliwahimiza kuacha huru, na wapo walioacha huru kwa radhi ya Mungu. Lakini siwezi kumsahihishia mtoto kazi kwa wino mwekundu, nimwambie umejibu nusu, na mie nimejibu nusu kwa kurasa tisa.

Droo

Sasa nifike palipo na aibu yangu ya leo.

Mkwe wangu ana duka la mapazia na mazulia, si mbali na nyumbani. Ni kijana mwema, ananiita Baba kwa heshima, Ijumaa hunipeleka Mayfair kuswali na kula pilau kwa Wasomali. Dukani ana msaidizi, kijana wa Malawi. Miaka minne yuko pale. Anabeba mazulia, anapanda ngazi kutundika mapazia kwenye nyumba za watu, anafagia, anafunga.

Siku mjukuu alipomaliza kuandika upya kazi yake nilikwenda dukani kutafuta stepla ya kubania kurasa. Nikafungua droo. Chini ya risiti palikuwa na pasipoti ya Malawi, imefungwa kwa mpira wa mkono.

Jioni nilimwuliza mkwe wangu. Hakukasirika. "Baba, ni kwa usalama tu. Chumba anacholala wako watu sita, wataiiba."

"Akiitaka saa nne usiku, mamake amefariki, duka limefungwa, ataipata wapi?"

Kimya.

Mjukuu alikuwa mezani. Kwa kuwa hesabu ameipenda, alichukua kalamu akauliza: kijana anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, siku ngapi? Saa 10, siku sita. Saa 60 kwa wiki, na sheria ya hapa saa za kawaida ni 45. Akagawanya mshahara kwa saa. Uliangukia chini ya kima cha chini cha nchi, na hapo hatujatoa makato ya zulia lililolowa mvua.

Mkwe wangu aliweka kijiko chini. "Baba, biashara ngumu. Kodi imepanda, umeme unakatika, mlinzi analipwa, wauzaji wa jumla hawapunguzi hata senti. Nipunguze wapi?"

Wallahi nilitamani kumhurumia, kwa sababu alisema kweli. Lakini ilikuwa kweli ile ile ya wenye migodi wa 1896. Mashine haipunguzi, baruti haipunguzi. Anapunguzika mmoja tu, yule asiyeweza kwenda popote kwa sababu karatasi yake iko droo ya mwenzake.

Nikamwambia jambo ambalo hata binti yangu alikuwa halijui. "Kijana yule anatoka ziwani. Na mama wa bibi yangu alitoka ziwani. Mkeo na mwanao wana damu ya huko."

Siku mbili hatukula meza moja. Binti yangu alipita katikati yetu kama mtu anayebeba maji. Siku ya tatu mkwe wangu alinichukua dukani, akafungua droo mbele yangu, akampa kijana pasipoti yake. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akaipekua kurasa moja moja kama anayehakikisha ni yeye, akaitia mfuko wa ndani. Hakusema neno. Mshahara umeongezwa, bado haujafika pale sheria inapotaka. Mkwe wangu anasema mpaka mwisho wa mwaka utafika. Nimemwambia nitakuwapo nihesabu.

Ndugu zangu wa Ghuba, mnajua kwa nini nimewaandikia nyinyi. Katika nyumba zetu nyingi huko yupo dada wa kazi kutoka Mombasa, Tanga, Kampala au Lilongwe. Wengi wenu mnaishi naye kwa wema, mnamwita mwanangu. Pasipoti yake iko wapi usiku huu? Analala saa ngapi, na siku yake ya mapumziko ni ipi? Tumeamrishwa mtu alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka. Wapo waliosubiri miezi mitatu.

Shajara nimeiandika tena. Ina kurasa kumi. Jamaa yangu wa Muscat ameisoma na mpaka leo hajanijibu, nami namwombea wepesi. Bibi alinionya nitachekwa. Basi na nichekwe.

Mjukuu wangu hakumpeleka Rockefeller shuleni. Alimchagua tajiri mwingine wa karne ya 19, mwenye karafuu wa Pemba asiyejulikana na mwalimu wake wala na kitabu chochote. Aliandika kurasa nne, na mstari wa kwanza unasema: Mali ya babu wa babu yangu ilitoka kwa mtoto wa kike aliyekuja na jahazi, na jina lake hatulijui.

Nilimsomea, nikatafuta kosa la kuzungushia wino, nikamrudishia daftari.